Kapu la Jumamosi kutoka Ruangwa

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, stendi ya Nachingwea. Mimi na akina mama wengine wanne tunasubiri gari dogo linalotoka Ruangwa. Hatupokei mgeni. Tunasubiri makapu.

Kondakta anatufahamu. Kabla gari halijasimama vizuri anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Wenye mboga zenu!" Abiria wanacheka. Anashusha viroba vitatu na makapu mawili ya ukindu, analalamika kwamba maboga yamemkalia miguuni njia nzima, anapokea nauli ya mzigo na kuondoka. Sisi tunavuta mzigo hadi chini ya mwembe na kuanza kugawa mafungu kumi na mawili, kwa familia kumi na mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Kila fungu lilikuwa na majani ya kunde, majani ya maboga, mahindi mabichi sita, boga dogo na kunde mbichi kwenye maganda yake. Mwanangu, wakati huo ana mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa mgongoni akinyoosha mkono kuyafuata mahindi.

Jirani yangu aliyekuwa akielekea sokoni alisimama kututazama. "Mnapewa msaada?" aliuliza.

Nikamwambia hapana, tumelipa.

"Mmelipa lini?"

"Novemba."

Akashika kiuno. "Novemba? Si mahindi haya yalikuwa bado mbegu?"

Kwa kweli wakati ule hata mbegu nyingine zilikuwa hazijanunuliwa.

Kadi ya kliniki

Naanza na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifikisha hapo.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kwamba mtoto aanzishiwe chakula cha nyongeza akitimiza miezi sita huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Nimeandika kwamba kuanzia miezi tisa anatakiwa kula milo mitatu hadi minne kwa siku na vitafunwa katikati. Nimeandika takwimu za udumavu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, kutoka asilimia 34 za mwaka 2015/16. Nilikuwa nikiziandika kana kwamba zinahusu watoto wa watu wengine.

Nilipohamia Nachingwea kikazi, mwanangu alikuwa na miezi tisa. Alipofika mwaka mmoja, mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala miezi mitatu mfululizo. Hakuwa mgonjwa. Alicheza, alicheka, alilala vizuri. Uzito ndio uliokataa kupanda.

Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinitazama juu ya miwani. "Anakula nini huyu?"

Nikasema uji.

"Wa nini?"

Wa sembe. Na sukari.

"Na nini kingine?"

Nikaanza kujieleza. Natoka nyumbani mapema, dada wa kazi ni mgeni, mboga za majani mjini mwezi wa kumi ni chache, zinazopatikana zimekauka na bei imepanda. Yote ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kadi, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Mdogo wangu, sisi tuna shamba letu upande wa Ruangwa. Si letu, lakini ni letu. Njoo Jumapili nikueleze."

Jumapili nikaenda. Nyumbani kwake nilikuta walimu wawili, fundi cherehani, mwenye duka la dawa, mke wa dereva wa lori na wengine niliowafahamu kwa sura tu. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila familia inatoa shilingi 80,000 kwa msimu, nusu Novemba kabla ya kupanda na nusu Januari kabla ya palizi. Fedha zinakwenda kwa wanawake saba wa kijiji kimoja ng'ambo ya mpaka wa wilaya, upande wa Ruangwa. Wananunua mbegu, wanalipa vibarua wa palizi, na sehemu inabaki kuwavusha Januari na Februari, miezi ambayo ghala la nyumbani huwa limeisha na shamba bado halijatoa. Kuanzia majani ya kwanza yanapochumika hadi mbaazi zinapokwisha mwezi wa nane, kila Jumamosi linakuja kapu.

Nilipiga hesabu kwenye simu. Makapu kama thelathini. Haifiki shilingi 2,700 kwa kapu.

"Kilo ngapi kwa kapu?" niliuliza, mwandishi ndani yangu akiamka.

Muuguzi akacheka. "Hakuna kilo. Shamba likitoa tunakula. Likikataa, tunakosa pamoja nao."

Sikuipenda hiyo sentensi ya mwisho. Nililipa hivyo hivyo, kwa sababu ya kadi.

Njia ya karanga

Kila familia hupeleka angalau mtu mmoja shambani wakati wa palizi. Zamu yangu iliangukia Januari, siku ambayo jua lilikuwa kali kama halijui kwamba ni masika.

Ukizunguka Nachingwea utakutana na majina yanayokumbusha mambo yaliyopita. Kuna kata inaitwa Stesheni, lakini treni hakuna. Reli ya kutoka pwani ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna kata nyingine inaitwa Ugawaji, na mimi kila nikipita huko nacheka peke yangu nikikumbuka mafungu yetu chini ya mwembe.

Reli ile ilikuja kwa ajili ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha Tanganyika mradi wa kulima karanga kwa mashine, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Mipango ya awali ilitaja zaidi ya ekari milioni tatu. Yakaletwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa kazi. Visiki na mizizi vikavunja vyuma, udongo wa Kongwa ukakauka kama tofali, mvua hazikufuata makaratasi. Januari 1951 ikatangazwa kwamba mradi umeshindwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Baadaye moja ya mashamba yake hapa Nachingwea, lililojulikana kama Farm 17, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakiikomboa Msumbiji, wakiongozwa na Samora Machel.

Nasimulia haya kwa sababu nilikuwa nikiyawaza garini, nikitazama mikorosho pande zote mbili na vilima vya Ruangwa mbele. Ardhi hii si mbovu. Karanga zinaota vizuri kabisa, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu zake kadhaa, ikiwemo Pendo ambayo wakulima wengi wanaijua kwa jina.

Kijijini alitupokea bibi mmoja mwembamba, kanga ya pili kaifunga kiunoni, jembe begani. Ndiye mkubwa wa wale saba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye mtoto wa kadi?" Habari zilikuwa zimenitangulia.

Shamba lenyewe, kwa macho ya mtu wa mjini, lilionekana vurugu. Mahindi, katikati yake kunde, chini maboga yametambaa kila upande, pembeni karanga na njugumawe, na mbaazi ndogo zimejipanga kama watoto waliochelewa shule. Muhogo ulizunguka mpaka wa shamba. Nikauliza kwa nini vyote vimechanganywa.

Bibi aliinua jani la boga na kunionyesha udongo chini yake. Ulikuwa na unyevu. Hatua mbili mbele, palipokuwa wazi, ulikuwa vumbi. "Hili ni shuka la shamba," alisema. Kunde zinachumwa majani wakati mahindi bado madogo. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zinapata nafasi ya kupanuka, na zitavunwa wakati mvua imeshasahaulika. Muhogo haudai kitu, unakaa ukisubiri siku ya shida. Mimi niliyekaa darasani kusikiliza mihadhara ya mlo kamili, nilikuwa nimesimama katikati yake: nafaka, mizizi, mikunde, mbegu za mafuta na mboga katika ekari tatu, na miti miwili ya maembe kwenye kona.

Ufuta na korosho walikuwa nao pia, lakini kwenye mashamba mengine. Hayo ni ya fedha, si ya kapu.

Nililima ngwe moja na nusu. Wao walimaliza tatu tatu wakinisubiri kivulini.

Swali la mzee

Mchana tuliletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Mwanangu alikula mpaka akalala na tonge mkononi. Ndipo mume wa mmoja wa wakulima, mzee aliyekuwa akituangalia tangu asubuhi bila neno, akaniuliza: "Mwandishi, hebu niambie. Hii yenu na kangomba tofauti yake nini?"

Kwa msomaji asiyeishi kwenye korosho na ufuta, nieleze. Kangomba ni biashara haramu inayojulikana kila kijiji huku kusini. Mkulima anaishiwa wakati wa njaa. Anakuja mtu na fedha kidogo au unga. Anampa, na mkulima anaahidi kulipa kwa mazao yatakapovunwa, kwa bei ya kutupa. Mvua ikinyesha isinyeshe, deni liko pale pale. Mavuno yanafika na mkulima anayatazama yakiondoka.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulilenga kumwondoa mkulima kwenye mikono hiyo. Mazao yanapelekwa chama cha msingi, yanakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Huku chama kikuu ni RUNALI, jina lililounganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lakini mnada una msimu wake, na njaa ina wake. Fedha ya korosho inaingia mwishoni mwa mwaka na ina mambo mengi ya kufanya: bati, sare, ada, madeni. Februari mtoto anataka kula, na mwenye kangomba anajua mlango.

Sasa mimi ni mtu wa mjini niliyetoa fedha Novemba na nitakula Machi. Swali la mzee lilikuwa la haki. Nilisema kitu kuhusu urafiki na ushirikiano, na hata masikioni mwangu kilisikika chepesi. Mzee akatabasamu, akaendelea kusokota kamba.

Nilijaribu kujibu zaidi niliporudi nyumbani, kwa kusoma. Nikakuta kwamba Japani, katika miaka ya 1970, akina mama wa mijini waliokuwa na hofu ya dawa za kuulia wadudu kwenye chakula walianza kupatana moja kwa moja na wakulima, wakauita utaratibu huo teikei, yaani kushirikiana. Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yalianza mwaka 1986, katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Huko kote mlaji analipa kabla ya mavuno. Na huko kote, nikaona, swali la mzee linajibiwa siku moja tu: siku shamba linapoharibika.

Usiku wa tembo

Haikuchukua muda. Wiki mbili baada ya Jumamosi ile ya mahindi mabichi, simu ya muuguzi iliita alfajiri. Tembo wamepita.

Wanaoishi Nachingwea, Ruangwa na Liwale hawahitaji maelezo. Msomaji wa mbali ajue kwamba wilaya hizi ziko jirani na mapori makubwa ya kusini, na tembo wanapoamua kutembea hawaangalii mpaka. Wanakijiji walipiga madebe, waliwasha moto, wakaita askari wa wanyamapori. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo bibi alilolisema kwanza kwenye simu, mara tatu. Lakini karibu mahindi yote yalikuwa yameliwa au kulazwa, na maboga yalikuwa yamepondwa kama mtu amepita na kinu.

Jumamosi iliyofuata kapu lilikuwa na kisamvu na muhogo. Iliyofuata, muhogo na kisamvu. Ya tatu, kisamvu.

Tukaitana nyumbani kwa muuguzi. Wawili wa wakulima walikuja kutoka Ruangwa kwa gari la asubuhi, bibi akiwa mmoja wao. Sitasema kikao kilikuwa kitamu. Mwenzetu mmoja alitaka arudishiwe nusu ya fedha, na hakuwa mtu mbaya. Mume wake alikuwa amesimamishwa kazi na alikuwa na watoto wanne. Mwingine alisema Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyamapori, basi kikitoka tugawane. Wengine tulikaa kimya, tukitazama sakafu.

Bibi alipopewa nafasi alisimama. Alisema wao saba wamekaa na kukubaliana. Watatulipa kwa korosho mwezi wa kumi, kila familia kilo kadhaa, ili tusione tumeibiwa.

Nikamkumbuka mzee na kamba yake. Fedha zetu za Novemba zilikuwa zinageuka, mbele ya macho yetu, kuwa deni la korosho.

Nadhani muuguzi aliona kitu hicho hicho. Alivua miwani. "Mama, keti," alisema. "Sisi hatukununua mahindi. Tulinunua msimu, na tembo wamo humo humo. Korosho zenu msiziguse."

Kikao kikabadilika. Yule mwenzetu mwenye shida tulimchangia sisi wenyewe, akatolewa kwenye orodha bila kudaiwa. Mwenye duka la dawa naye aliondoka, akasema wazi kwamba yeye hawezi kulipia bahati nasibu. Kila mtu na moyo wake. Tulibaki familia kumi. Kifuta jasho, kikipatikana, tukasema ni cha wenye shamba, kwa sababu ndio waliokesha wakipiga madebe.

Kule kijijini walipanda upya kunde na mchicha bondeni kabla mvua hazijakatika. Karanga na njugumawe, ambazo tembo walizikanyaga tu bila kuzifukua, zilipona nyingi. Mbaazi zilizovunjika zikachipua, kitu ambacho sikujua kwamba mbaazi hufanya.

Kisamvu wiki tatu

Msomaji mwenye mtoto mdogo atauliza: katika wiki zile za kisamvu, mtoto alikula nini?

Alikula kisamvu. Kilichotwangwa vizuri, kikachemshwa muda mrefu mpaka kikaiva sawasawa, kikaungwa karanga zilizosagwa. Kisamvu hakitaki haraka, na muhogo mchungu hautaki kabisa: lazima umenywe, ulowekwe na kukaushwa kabla ya kusagwa, kwa sababu una sumu ambayo kuchemsha kidogo hakuitoi. Bibi alinikagua jikoni kwangu siku ya kikao kama mkaguzi wa shule. Alinifundisha pia kumpa mtoto tunda baada ya mboga badala ya chai, jambo ambalo mimi nalijua kwa lugha ya vitabuni, kwamba vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma na majani ya chai huyazuia. Yeye alisema tu, "Chai inafukuza mboga."

Aprili na Mei zilikuja karanga mbichi, za kuchemsha na maganda yake. Kwa watoto ilikuwa sikukuu. Kwangu ilikuwa kazi, maana sikuwahi kuogopa karanga mpaka nilipoanza kuandika kuhusu sumukuvu. Inatokana na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Hukai ukaiona wala kuionja, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zile za kuhifadhi zilipokuja Juni, wanawake wale walikuwa wameanika juu ya turubai, si chini ardhini, na kuchambua moja moja. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu ziliwekwa kando. Nilipouliza wanazipeleka wapi, mmoja alisema, "Zamani tulikuwa tunatengenezea za watoto, zile nzuri tunauza." Alisema bila kuinua macho. Siku hizi wanazitupa.

Hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo. Majani ya kunde yanayokuja mjini kila Jumamosi, je, hayatoki kwenye sahani za watoto wao? Nimeona vijiji vinavyouza maziwa na watoto wake hawanywi.

Bibi alinielekeza jikoni kwake. Chungu kilikuwa motoni. "Ijumaa jioni tunachuma," alisema. "Chungu cha nyumbani kinajazwa kwanza, halafu kapu. Kapu likipungua mtatusamehe." Wiki hiyo hiyo kijiji kilikuwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile inayofanyika kila baada ya miezi mitatu, watoto wakipimwa na akina mama wakipika pamoja. Nilimwona akimpeleka mjukuu wake, na walipomfunga ule utepe wa kupimia mkono alisimama kidole kwa kidole na mhudumu ili aone rangi mwenyewe. Ilikuwa kijani.

Julai, mwezi ambao mboga zimekauka na mbaazi mbichi ndizo zinazobeba kapu, tulipata kitu ambacho hakikulimwa na mtu. Ming'oko. Viazi vyembamba vya porini, vinachimbwa kiangazi, vinachemshwa na chumvi, na ukimpa mtu wa Lindi au Mtwara aliye mbali na kwao unaweza kumliza. Hatukuwa tumevilipia. Wakulima waliviweka juu ya mbaazi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, fungu kumi na mbili. Kumi zetu, na mbili za wale wawili walioondoka. Muuguzi aliwapelekea mwenyewe jioni ile. Mke wa yule aliyesimamishwa kazi aliniambia baadaye kwamba alizipika usiku huo huo na watoto wakala wamesimama.

Kadi ya mwanangu? Mstari ulianza kupanda Desemba, ukatulia kidogo Machi alipougua mafua, kisha ukapanda tena mpaka Agosti. Sitasema ni kapu peke yake. Nilibadilisha mambo mengi: nilimfundisha dada kupika uji mzito wenye karanga, niliongeza mlo wa saa nne, nilianza kurudi nyumbani mchana. Lakini nilikuwa na cha kupikia, na hilo kapu lililifanya. Pia mtoto aliyeona kunde zikichumwa anazila tofauti na yule anayeletewa sahani. Mwanangu anaita kila mboga ya majani "bibi".

Novemba nyingine

Sasa tumerudi mwezi wa kulipa. Mwanangu ametimiza miaka miwili mwezi uliopita. Tuko familia kumi na moja. Mwenye duka la dawa hakurudi, yule mwenzetu wa watoto wanne amerudi, mume amepata kazi nyingine. Tumekubaliana kuongeza shilingi 5,000 kwa kila familia kwa ajili ya kamba, pilipili na mafuta machafu ya kuzungushia shamba, kwa kuwa tembo inasemekana hawapendi harufu hiyo. Wakulima wanataka pia kujaribu mizinga ya nyuki mpakani. Muuguzi anasema asali ikipatikana isiingie kwenye kapu, iuzwe, ni ya kwao. Na kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja asali si chakula, nikaongezea, na wote wakaniambia wanajua.

Yule mzee wa kamba nilimkuta mara ya mwisho nilipokwenda, Septemba, akiokota korosho za mwanzo chini ya mti. Nilisalimia, akaitikia. Sikumkumbusha swali lake na yeye hakulirudia. Alichukua mabibo mawili mekundu, akayafuta kwa shati na kumpa mtoto.

Juzi usiku simu iliita. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Ruangwa. Huku Nachingwea tulisikia radi tu.

"Mama mwandishi," bibi alisema, nyuma yake nikisikia bati likipigwa na maji. "Keshokutwa tunafukia mbegu. Mlete huyo mtoto aje atie ya kwake. Na uje na kofia. Mwaka jana uliungua."